Harufu Tamu Ghalani kwa Bibi

Rafiki yangu Ibra, mfoko wa gesi, mlio kama wa kitu kinachobubujika, ndio ulionishtua ghalani kwa bibi, kisha ikafuata harufu tamu, kama ile ya gesi inayotengenezewa mabomba ya plastiki, yenye kuharibu ini, ninayoiandikia tasnifu. Asubuhi hiyo ami Salim, fundi wetu, alikuwa amepitisha humo mabomba mapya. Nikamtoa bibi nje, nikamtaka ami ayang'oe yote aondoke nayo.

Mfoko haukukoma. Bibi akaingia, akafunua ndoo ya tende, povu likamwagika.

"Nani kazikosha tende, kisha kazifunga na maji yake?"

"Mimi, bibi. Niliogopa vumbi."

"Basi zimechacha, msomi wangu. Mpigie ami yako."

Nikapiga. "Shikamoo, ami. Naomba urudi na mabomba."