Mchele Uliotembea

Mimi ni fundi wa matangi ya samaki, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nimejidai kwamba jicho langu halipitwi na kitu. Nasema haya mapema ili mjue ni mtu wa aina gani aliyefanya nililofanya.

Kulikuwa na kliniki ya meno Eastleigh, orofa ya pili, juu ya maduka ya vitambaa. Kwenye chumba cha kungojea daktari alikuwa ameweka tangi la maji ya chumvi, maana mgonjwa akitazama samaki husahau sindano. Kipenzi cha daktari hakuwa samaki. Alikuwa kombe mmoja, yule mnyama wa baharini wa magamba mawili, mwenye midomo ya buluu, niliyemletea mimi mwenyewe. Mgeni wa tangi hutengwa kwanza kwenye ndoo yake kwa wiki kadhaa, achunguzwe kama ana wadudu. Hilo nalijua vizuri sana. Lakini siku hiyo nilikuwa na haraka, nikamtoa kwenye mfuko na kumtumbukiza moja kwa moja.

Haukupita muda mrefu kombe akaanza kulegea. Kivuli kikimpita hafungi gamba upesi kama kawaida yake. Daktari akaniita, akaniuliza mbele ya wagonjwa kuna shida gani. Nikainama, nikaona punje nyeupe mchangani na nyingine chache kwenye gamba la kombe.

"Kuna mtu anatupa chakula humu," nikasema. "Huu ni mchele."

Aliyekula karibu na tangi alikuwa mmoja tu, mama wa usafi, mtu wa makamo kutoka Makadara. Saa saba mchana hukaa kwenye benchi nyuma ya tangi na mkebe wake wa plastiki. Hata wakati huo alikuwa hapo hapo, anakula. Akasimama na mkebe wake mkononi.

"Fundi, hiyo si mchele. Mimi ndio hupanguza hiyo glasi kila asubuhi. Hizo vitu zinatembea. Jana zilikuwa kwa mchanga, leo ziko kwa huyu mnyama."

Nikacheka. "Mathe, mchele wa Mwea haujaanza kutembea."

Wagonjwa wakacheka pia, hata yule aliyekuwa na shavu limevimba. Ningeweza kuishia hapo. Lakini daktari bado alikuwa ananitazama, nami nilitaka aache kunitazama, nikaongeza kwamba mambo yakiendelea hivi kombe atakufa na maji yote yataoza. Daktari akamwambia mama arudishe aproni. Alikuwa amefanya kazi pale tangu kliniki ifunguliwe. Akasema sawa daktari, akaikunja aproni vizuri, akaenda.

Wiki iliyofuata nilifika asubuhi na mapema, kabla taa za tangi hazijawashwa, nikamulika kwa simu. Mchele ulikuwa umepanda. Punje zilikuwa zimejipanga ukingoni mwa gamba, kila moja imechomeka uzi mwembamba kwenye nyama ya kombe. Nikaazima kile kioo kidogo ambacho daktari hutazamia magego, nikaona kila punje ina ncha na mizunguko midogo. Walikuwa konokono, wale wafyonzaji, kupe wa baharini. Konokono wadogo wasio na madhara hutawanyika kwenye mawe na kioo wakila mwani. Hawa humng'ang'ania wanayemnyonya. Nimewafundisha watu tofauti hiyo mara nyingi, tena kwa majivuno. Na hawakutoka kwenye mkebe wa mtu. Walikuja na kombe, kwa mkono wangu.

Nilimtoa kombe nikamsugua gamba kwa mswaki, nikafuta mayai yao, ute mwangavu uliojificha chini. Wa mchangani niliwaokota kwa kibano mmoja mmoja. Nilirudi kila baada ya siku chache kwa wiki nyingi, maana ukikosa yai moja unaanza upya. Nikaongeza na samaki mmoja mwembamba wa mistari anayewadona. Kombe akafungua midomo yake tena. Daktari akanipa mkono, akasema mimi ndiye fundi. Nikashukuru. Ndipo palikuwa mahali pa kusema, na sikusema neno. Nikiyaandika haya uso unanichoma kwa aibu.

Juzi nilikuwa Makadara, karibu na mahakama, njaa imenishika. Kwenye kivuli cha ukuta mama mmoja alikuwa anapakua githeri, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria kubwa. Nilikuwa nimeshaagiza kabla hajainua uso. Nilipomtambua nilitaka kukimbia. Yeye alinipakulia, akaweka na kipande cha avokado juu.

"Fundi. Yule mnyama wa midomo ya buluu aliishi?"

"Aliishi, mama." Kijiko hakikupanda. "Mama, ile haikuwa mchele. Ni konokono, na ni mimi niliwaleta. Nilikukosea sana. Leo leo naenda kumwambia daktari."

"Najua haikuwa mchele," akasema, huku akimpakulia mteja mwingine. "Kwangu mchele ni Krismasi. Pale nilikuwa nabeba githeri, hii hii, kila siku. Hiyo siku nilisimama mbele yako na mkebe umefunguliwa. Nilikuwa nangoja tu uangalie ndani."