Mwalimu wa Kilatini na Jina la Élise

Katika komini ya Kabondo, mjini Kisangani, mtu akifa, familia ilimtumia ujumbe Mwalimu Paluku Liévin kabla hata ya kutafuta viti vya kukodi. Hakuwa padri, wala hakuwa fundi wa majeneza. Alikuwa na ulimi. Alifundisha Kilatini tangu ujana wake, na kwenye matanga ni yeye aliyesimama kusimulia maisha ya marehemu, hata waliokuwa wakimsengenya marehemu jana yake wakatoa vitambaa wakafuta machozi.

Marehemu wote aliwapima kwa watu wawili wa kale. Wa kwanza Mgiriki, aliyepewa kuchagua kati ya maisha marefu yasiyo na sifa na maisha mafupi yenye jina lisilokufa, akachagua jina. Wa pili Mrumi, aliyetoka katika mji unaoungua huku amembeba baba yake mabegani. Mtu aliyelea yatima wa kaka yake alikuwa Mrumi. Mlevi aliyekufa mapema alikuwa, haya basi, Mgiriki. Watu walicheka huku wanalia, na Mwalimu akaketi ameridhika. Kusema kweli alijipenda kidogo. Tumsamehe, mwalimu wa Kilatini hapa Kisangani hana vingi vya kujivunia.

Binti yake Élise alipita darasani mwake, na alikuwa mbishi. Siku moja aliuliza mbele ya wenzake kwa nini jina lisilokufa linasifiwa na watu waliobaki nyumbani wakila. Darasa zima likaangua kicheko. Baba akamjibu kwamba asiyekumbukwa ni sawa na asiyezaliwa, na akaona amejibu vizuri.

Élise akawa muuguzi huko Yanonge, mji mdogo ukingoni mwa mto. Siku moja alikuwa anarudi kazini kwa mashua ya mbao yenye mota, magunia chini, watu juu ya magunia, mashua ikapinduka. Alijua kuogelea, akafika kwenye gogo ambalo wenzake walikuwa wamelishika. Hapo akamsikia mama mmoja akipiga kelele kwamba mtoto wake mchanga amebaki majini. Élise akarudi. Akamleta mtoto, akampokeza mtu, kisha nguvu zikamwishia na mto ukamchukua. Wavuvi walimtafuta mpaka wakaona haya kumtazama baba yake usoni.

Mwalimu alikaa ukingoni, na elimu yake ikamgeuka. Alikumbuka kwamba hata mashujaa wa vitabu vyake vya kale, wasioogopa mkuki, tufani ilipowakuta baharini walilia na kuwaonea wivu wenzao waliouawa nchi kavu. Kwao aliyezama hakuwa na kaburi, na asiye na kaburi, jina lake lilikosa pa kukaa. Somo hilo alikuwa akilipita haraka haraka kwa sababu halikutokea kwenye mtihani. Sasa hakuweza kulipita.

Mkewe, Mama Adeline, alikataa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amekufa. Mvua zikaja, zikapita, naye akiendelea kufua na kupiga pasi koti jeupe la kazi la Élise. Mwalimu hakumkataza, maana kila alipoliona limetundikwa, moyo wake ulipumzika kidogo. Mwishowe paroko na ndugu walimbembeleza Adeline, akakubali. Viti vikapangwa uani, na picha ikawekwa mahali pa jeneza.

Mtaa mzima ulikuja, na ulikuja kusikiliza. Safari hii shujaa alikuwa wa kweli, si mlevi wa kupakwa rangi. Mwalimu alikuwa na maneno yote tayari. Alichoogopa ni kwamba akiyatamka, binti yake atakuwa amekufa kabisa, na yeye baba mtu ndiye atakayekuwa amemaliza kazi ya mto.

Kabla hajasimama, akaingia mwanamke kutoka Yanonge, Annette, mtoto mgongoni. Watu wakampisha, walijua ni mtoto yupi. Akapiga magoti mbele ya Mwalimu.

"Papa, tunataka kubatisha huyu mutoto. Tunaomba akuwe ndoyi ya Élise. Abebe jina yake, isipotee."

Kuwa ndoyi, yaani wajina wa mtu, si jambo dogo Kisangani. Wenye jina moja huhesabiwa kama mtu mmoja, na wazazi wa huyu ni wazazi wa yule. Kile ambacho Mgiriki alikitolea uhai wake kilikuwa kimeletwa mpaka uani, kimefungwa kwa kitenge. Watu wakamtazama Mwalimu, wakingoja ashukuru.

Akasimama. Maneno yake mazuri hakuyataka hata moja.

"Nilifundisha watoto yenu kwamba jina inapita uhai," alisema. "Nilikuwa nasema vitu sikujua. Élise angebakia tu pale kwenye gogo. Angekuwa muoga, na angekuwa hapa."

Kisha akamgeukia Annette, na sauti ikamshuka.

"Mama, usikasirike. Mutoto hana kosa. Lakini mupatie jina ingine. Siwezi kusikia mutu anaita Élise, na anaitika mwingine."

Adeline alikuwa amejifunika uso. Annette hakukasirika, machozi yalimtoka tu. Alimfungua mtoto, akamweka kwenye mkeka, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba wamsamehe, ameomba ruhusa akiwa amechelewa. Nyumbani walikuwa wakimwita kwa jina hilo tangu siku ile ya ajali.

Mtoto, aliyekuwa ameshajua kutambaa, akaanza kuondoka mkekani. Annette akamwita, bila kufikiri, kama mama yeyote anavyomwita mtoto anayekwenda mbali.

"Élise."

Mtoto akageuka. Mwalimu naye aligeuka haraka, lakini yeye alitazama langoni, na aliendelea kutazama huko mpaka mkewe alipokuja kumshika mkono.