Walimwita Daktari wa Mavi

Mtu akikuambia kwamba watu wa laini zetu walimpenda ndugu yangu Gekara, mwangalie vizuri. Huenda ni mmoja wa wale waliomcheka zaidi. Mimi ni Yunia, dada yake mdogo, na nilikuwepo.

Tulizaliwa kwenye shamba la chai nyuma ya Mogogosiek, katika nyumba za wafanyakazi, zile tulizoziita laini, zilizopakwa chokaa kila Desemba ili mzungu akipita na wageni wake asione aibu. Baba alitoka Kisii akiwa kijana, akachuna majani mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akafa. Gekara alikuwa darasa la sita. Siku ya tatu baada ya mazishi nyapara alikuja kumchukua akakamue ng'ombe wa meneja. Mama alimwacha aende, kwa sababu anayelala katika nyumba ya kampuni hana neno.

Wenzake wa darasani waliendelea. Binamu yetu Makori akawa mwalimu, akanunua tai moja, na tai hiyo aliivaa mpaka fundo likang'aa kwa jasho. Jonah Kipkemoi alikwenda mbali zaidi. Alifika kidato cha nne, akasomea mifugo, na Uhuru ulipokuja akapewa Landrova ya serikali na soksi ndefu nyeupe. Akaitwa Bwana Mifugo. Watu walimwamkia hata akiwa amewapa mgongo.

Gekara alikaa chini ya ng'ombe wa wengine miaka kumi na sita. Lakini daktari mzungu alipokuja kutoka Kericho kutibu kundi la meneja, Gekara ndiye aliyeshika kamba, mguu au mkia. Mzungu yule hakumfundisha kitu. Hata jina lake hakulijua. Ila alikuwa na tabia ya kuongea na ng'ombe, akimweleza kila anachomfanyia, na Gekara alikuwa upande wa pili wa ng'ombe huyo huyo, akisikia yote.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Aprili 1966, mvua zimeshika. Ng'ambo ya mto alikaa mjane aitwaye Chepngeno, ambaye alikuwa ameuza ng'ombe wake wote wa kienyeji akanunua mmoja wa gredi, wa mbegu ya kizungu mwenye maziwa mengi, mwekundu mwenye mabaka meupe. Alimpenda ng'ombe huyo kuliko baadhi ya watoto wake, na mimi niliyewajua watoto wenyewe sikumlaumu. Asubuhi hiyo ng'ombe alivunja ua akaingia kwenye viazi vitamu, akala majani mabichi yenye umande mpaka tumbo likavimba kama ngoma. Alianguka. Ulimi ukatoka.

Bahati, au tuseme tulidhani ni bahati, Bwana Mifugo alikuwa kwenye baraza la chifu karibu na hapo. Walimkimbilia, akaja na gari, akasimama barabarani. Kutoka barabarani hadi kwa ng'ombe ilikuwa hatua arobaini za matope. Jonah alitoa kichwa dirishani.

"Mleteni hapa," akasema.

"Hawezi kusimama, bwana," Chepngeno akamjibu.

"Basi mburuteni."

Gekara alikuwa amesikia kelele akavuka mto mbio. Alimtazama ng'ombe mara moja tu, kisha akaenda mpaka kwenye mlango wa gari.

"Bwana Jonah, ni hewa. Nipe ile sindano nene ya kutobolea. Nitatoboa mimi, wewe usishuke."

Jonah alimwangalia kama mtu anayeona kiti kikiongea. "Wewe una cheti gani?"

"Sina."

"Ukimtoboa akafa, nitakushtaki. Hii ni kazi ya watu waliosoma, Gekara. Kila mtu akae na kazi yake."

Akaangalia viatu vyake. Viatu vilikuwa vipya, vya rangi ya kahawia. Akaviangalia tena. Wakati anaviangalia, ng'ombe alirusha miguu mara mbili, akatulia. Jonah akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka. Baadaye tulisikia alichoandika: ng'ombe amekufa kwa uzembe wa mwenyewe. Chepngeno aliketi palepale kwenye matope na gauni lake la kanisani, akashika sikio la mnyama wake.

Jioni hiyo Gekara hakugusa ugali. Nilianza kumtukana Jonah, na nilikuwa na matusi mazuri, lakini akaninyamazisha.

"Yule ni mtu wa kudharauliwa, ni kweli," akasema. "Lakini mimi nilikuwa na kisu mfukoni, Yunia. Nilijua pa kudunga, ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu. Yeye aliogopa matope. Mimi nilimwogopa yeye. Sasa wa kudharauliwa zaidi ni nani?"

Nilimsogezea tena sahani ya ugali, akaisukuma.

"Nitakwenda kusoma," akasema. "Nisomee wanyama. Nipate hicho cheti chao."

Alikuwa na miaka thelathini na miwili, mke na watoto wanne. Hata darasa la saba hakulifikia. Na mimi, ambaye leo ninawasuta wengine, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hilo ninaliandika ili msifikiri ninajitoa.

Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa darasa la saba pamoja na watoto wa shule. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, ikabidi akae upande kama mwanamke aliyepanda baiskeli. Msimamizi alikuwa Makori, binamu yetu wa tai moja. Alimwona, alimjua, walikuwa wamekula sahani moja utotoni. Akasema kwa sauti ya darasa zima, "Mzee, wazazi wanangojea nje." Watoto wakaangua kicheko. Gekara alimwonyesha namba yake ya mtihani, akanoa penseli.

Alipita. Mtu angedhani kicheko kingeisha, lakini mjinga akikosea hubadilisha tu sababu ya kucheka. Mzee wa kanisa letu, Kepher, ndiye aliyempa lile jina. Kepher alikuwa mtu wa sala ndefu na shamba dogo lenye magugu. Sabato moja alisimama akaomba kwamba Bwana amrudishie akili mtumishi wake Gekara, anayetaka kuwa daktari wa mavi uzeeni. Watu wakasema amina huku wamefunika midomo. Tangu siku hiyo hata watoto wa laini waliliimba: Daktari wa Mavi, Daktari wa Mavi. Ng'ombe wa Kepher mwenyewe alikuwa na kupe kama kunde, na maziwa yake yalijaza kikombe kimoja.

Gekara alisoma kwa posta. Masomo yalikuja kwenye bahasha za kaki, akayasoma zizini baada ya kukamua, na wakati mwingine jibu alilorudisha lilikuwa na doa la maziwa. Kiingereza kilimtesa. Hesabu ilimtesa zaidi. Alianguka mara moja mtihani wa kidato cha pili, na wiki hiyo hakuongea na mtu isipokuwa ndama. Mke wake Nyamoita alichuna chai mistari miwili badala ya mmoja ili nyumba isimame. Wanawake walimwuliza kisimani kama kweli anaamini upuuzi huo.

"Siamini hata kidogo," Nyamoita akawajibu. "Lakini mwanamume anayesoma hanywi chang'aa. Wako anasoma nini?"

Hawakumwuliza tena.

Mwaka wa 1970 aliurudia mtihani ule akapita. Akaomba nafasi kwenye chuo cha mifugo, akajibiwa kwa mistari mitatu kwamba umri wake umezidi. Aliisoma barua hiyo, akaikunja, akavaa koti la marehemu baba na kwenda mwenyewe. Siku mbili alikaa kwenye benchi nje ya ofisi. Siku ya tatu walichoka kumruka miguu, wakamwingiza. Nyuma ya meza walikuwa watu watatu, wawili vijana na mmoja mzee mwenye miwani.

"Mzee," kijana mmoja akaanza, "wenzako walimaliza kozi hii zamani. Mbona umechelewa hivi?"

"Wenzangu walitangulia, bwana," Gekara akasema. "Nimeiona kazi yao."

"Na wewe utafanya nini ambacho wao hawafanyi?"

"Nitashuka kwenye gari."

Vijana wawili hawakuelewa. Yule mwenye miwani alicheka mpaka akavua miwani na kuipangusa. Kisha akamwuliza maswali kuhusu ng'ombe, saa nzima, na hakuna hata moja lililomshinda. Hayo nimeambiwa na Gekara, na Gekara hakuwa mtu wa kujisifu. Alikuwa na dharau nyingi mno kwa watu kiasi kwamba hakuona haja ya kuwavutia.

Ndiyo, alikuwa na dharau. Msidhani ninawaelezea malaika. Alirudi 1973 na cheti, na miaka thelathini na tisa, na ulimi mkali kuliko wangu. Mwenye ng'ombe aliyefunga mnyama kwa kamba fupi alielezwa ujinga wake mbele ya mkewe. Aliyechelewa kumwita alitukanwa kwanza, kisha mgonjwa akatibiwa. Lakini alishuka. Alipewa baiskeli, si gari, na aliporudi jioni ungedhani amefinyangwa kwa udongo.

Walimpeleka Siongiroi, kule Chepalungu, kwenye soko la mifugo. Mkubwa wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano aliyemwita mzee kwa mdomo na kumtuma kama mtoto. Gekara alitii yaliyokuwa na maana. Mengine aliyasahau.

Mwaka wa 1975, siku ya soko, dume la mfanyabiashara mmoja aitwaye Ogola alianguka akafa ghafla, mbele ya watu. Ogola alikuwa na bucha na haraka. Akatoa kisu, wateja wakaanza kujipanga. Gekara alisukuma watu akafika, akaona damu nyeusi puani, haigandi.

"Rudisha kisu," akasema. "Hiki ni kimeta. Ukimpasua mnyama huyu utawapasulia kaburi."

"Huyu ni wangu," Ogola akasema. "Nimemtoa mbali. Wewe mshahara wako unakuja hata ng'ombe wote wakifa."

"Mlete mkubwa wako!" watu wakapiga kelele. "Mlete aliyesoma!"

Mkubwa wake aliletwa. Alimtazama Ogola, akamtazama diwani aliyesimama kando ya Ogola, akasema ni vigumu kujua bila kupima, na kwamba ana mkutano Bomet. Akaenda mkutanoni.

Gekara akakaa juu ya mzoga. Ninasema akakaa, kama mtu anavyokaa kwenye gogo, na gunia chini yake. Walimtupia maganda ya ndizi. Mwanamke mmoja alimtemea mate kwenye buti kwa sababu nyama ya jioni ilikuwa imemponyoka. Diwani alimwambia kesho hatakuwa na kazi.

"Nilianza kazi nikiwa mzee," Gekara akamjibu. "Sijaizoea sana."

Alikaa mpaka akapata wanaume watatu wa kuchimba shimo la kina cha mtu na nusu, wakamzika dume mzima mzima, pamoja na ngozi yake, na chokaa juu yake. Soko likamzomea mpaka njia ya kutokea.

Ogola alikuwa na dume mwingine kutoka kundi lilelile, na huyo alikufa nyumbani kwake siku mbili baadaye, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumkalia. Walimla. Watu sita walitokwa na vidonda vyenye kigaga cheusi katikati, na mmoja, Ogola mwenyewe, hakurudi kutoka hospitali. Gekara ndiye aliyezunguka boma kwa boma akiwachanja ng'ombe wote wa upande ule. Wale wale waliomtupia maganda walimshikia pembe, wakisema wao walijua tangu mwanzo, wao walimwambia Ogola. Yule mwanamke aliyemtemea mate alimpa mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu.

"Uliyanywa?" nikamwuliza aliponisimulia.

"Nilikuwa na kiu," akasema. "Kiu haichagui mtu."

Nilitaka amkasirikie. Ningekuwa mimi ningeyamwaga mbele yake. Gekara akanitazama, akasema maneno ambayo yalinichoma kidogo: "Wewe Yunia unawadharau kwa sababu walinicheka. Mimi nawadharau kwa sababu wanafunga ng'ombe kwa kamba fupi. Hii yangu inaweza kurekebishwa."

Diwani hakumfukuza. Mkubwa wake kijana alipandishwa cheo kwa jinsi alivyoudhibiti ugonjwa katika eneo lake, akahamia Nairobi, akaletwa kijana mwingine.

Barua ya kumpandisha Gekara cheo ilifika Februari 1978. Ilikuwa na muhuri na sahihi mbili, na iliandikwa kwa bwana mmoja aitwaye Geraka. Karani alimwambia atie sahihi tu, kila mtu anajua ni yeye. Gekara alikataa. Alisema alikaa kwenye madawati ya watoto ili jina lake liandikwe kwenye cheti, na hatalibadilisha sasa ili kumpunguzia karani kazi ya kupiga taipu. Barua ikarudishwa. Ilikaa huko miezi kumi na minne. Nyamoita alikasirika hadi akahamishia kitanda chake chumba cha watoto, na nadhani alikuwa na haki. Barua ya pili ilipokuja jina lilikuwa sawa lakini kituo kilikosewa, wamempeleka Kabianga wakati aliomba kubaki Siongiroi. Akaisoma, akasema jina ndilo lake na ng'ombe wako kila mahali, akatia sahihi, akaanza kufunga mizigo, huku akiwaeleza majirani waliokuja kumuaga jinsi ya kukata kwato.