Skrubu Nne

Siku hizi nikikaribia duka la yule dada anayeuza darubini za bunduki, navuka barabara. Sijawahi kumsikia akisifu bidhaa yake. Mteja akitaka inayovuta mbali kuliko zote, yeye huichukua, huibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, huielekeza kwenye nukta nyeusi aliyoichora ukutani, kisha huzungusha kigurudumu cha juu hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi, midomo ikihesabu bila sauti. "Kuvuta mbali zote zinavuta, kaka," husema. "Mimi nataka inayorudi pale pale ilipoanzia." Ukucha wa gumba ameuacha mrefu, wa kubandulia vibandiko vya maboksi.

Nilinunua kwake. Aliniomba nimletee bunduki aifunge mwenyewe. Nikajifanya najua, nikaifunga nyumbani. Kwenye mashindano ya klabu, shabaha ya mita mia sita sikuigusa hata mara moja. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikaenda dukani na bunduki yangu, nimefura, nikamfokea mbele ya wateja watatu kwamba ameniuzia takataka. Aliishika darubini kwa vidole viwili, akaitikisa juu ya bunduki, ikacheza. Skrubu zote nne zilikuwa zimelegea. Akanitazama, akawatazama wateja. "Samahani, kaka," akasema taratibu. "Nilisahau kuzikaza." Akachukua bisibisi, akazikaza moja moja, midomo ikihesabu. Nami, kwa kinywa hiki hiki, nikamwambia siku nyingine awe makini.