Mwanya Uliosubiri Kibali

Kiwanda chetu cha minofu ya sangara kilikuwa ufukweni, upande wa Ilemela, nami nilikuwa karani wa utumishi. Ilikuwa miaka ile uchumi ulipofunguliwa kwa soko huria na hospitali zikaanza kututaka tuchangie matibabu. Mwajiri akatuunganisha na kampuni mpya ya bima. Makato yalikuwa ya lazima, na matibabu ya meno yalikuwamo.

Kazi ya kuwaeleza wenzangu ilikuwa yangu, na nilipenda kueleza. Nilichora sangara kwa chaki kwenye ubao wa kantini. Mnofu huu mnene, niliwaambia, ni matibabu yenu. Kichwa na mifupa ni gharama za ofisi ya bima. Watu wanaokata samaki kutwa nzima walinielewa upesi.

Kwenye meza ya kukatia alikuwapo dada mmoja mzaliwa wa Kamanga, mwenye mwanya mzuri. Wenzake walimtania kwamba msimamizi humsamehe akichelewa kwa sababu ya mwanya ule. Yeye alisema ndio urithi pekee aliopewa na mama yake. Sasa jino moja la mwanya huo lilikuwa limeanza kutoboka. Akanieleza kwamba ameweka akiba ya mabati, na kwamba anataka kuitumia wiki ileile kuliziba jino kwa daktari wa meno mjini.

"Nunua mabati, dada," nikamwambia. "Jino limeshalipiwa."

Akanunua mabati.

Kijitabu cha bima kiliandikwa kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa meno, nikaishia hapo. Ukurasa wa mwisho ulisema mwanachama angoje miezi mitatu, na kwamba kuziba jino kunahitaji kibali kutoka Dar es Salaam. Kung'oa hakuhitaji kibali.

Miezi mitatu ikapita, nikaomba kibali. Nikaandika barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dada akawa anatafuna upande mmoja na kubana karafuu kwenye jino. Kila Ijumaa alisimama dirishani kwangu.

"Kaka, mnofu umefika?"

"Bado, dada. Vumilia kidogo."

Kisha akaja mkaguzi wa serikali, kutoka ofisi inayosimamia kampuni za bima. Nilimkaribisha chai nikamuuliza ni kiasi gani cha michango yetu hurudi kuwa matibabu. Akanijibu kwa upole, hatua kwa hatua, kama ambavyo ningejibu mimi. Yeye hukagua kama kampuni imesajiliwa, kama ina mtaji, kama inatimiza mkataba. Mkataba wetu uliahidi kibali lakini haukuweka siku. Kamisheni za mawakala, pango la ofisi, magari, hayo kampuni hujipangia yenyewe.

"Ndugu yangu," akasema, "sheria inaniuliza kama kampuni ina mtaji. Bado haijaniuliza kama nyinyi mna meno."

Hakuwa ananikejeli. Alimaliza chai yake, akanishukuru, akaondoka.

Wiki hiyohiyo shavu la dada likavimba. Daktari akasema hakuna tena cha kuziba. Jino likang'olewa kwa kadi ya bima, na kampuni ikalipa bila kuuliza swali hata moja.

Jumatatu alikuja kantini, akauendea ubao. Samaki wangu alikuwapo bado. Dada akaufuta mnofu kwa kiganja kilicholowa, taratibu, mpaka vikabaki kichwa, mifupa na mkia: mapanki, yale tunayouziwa sisi mtaani baada ya minofu kupanda ndege.

"Mapanki tunayajua, kaka," akasema. "Ungetuambia tu."

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka, mkono ukiwa mdomoni. Tangu siku ile sikumwona akicheka bila mkono.

Mwezi uliofuata wakaajiriwa wengine, nikaitwa kuwaeleza bima. Safari hii nilianza na ukurasa wa mwisho. Kijana mmoja wa Igoma akauliza kama anaweza kukataa kukatwa. Nikamweleza kwa nini haiwezekani, polepole, nikarudia mpaka akaelewa.