Lifti ya makaa ambayo Erot hakuitaja kliniki

Jua la asubuhi halijakolea, na Erot amekwisha kupiga magoti kwenye majivu. Anafukua makaa kutoka kwa tanuru lililozimwa jana na kuyatia guniani kwa mikono. Mimba ya miezi minane haimruhusu kuinama, kwa hivyo anasogea kwa magoti. Akikohoa, anashika tumbo kwanza, kifua baadaye.

Gunia likijaa, analifunika kwa majani na kulishona kwa kamba. Kazi iliyobaki ndiyo ngumu: kulifikisha Isiolo mjini.

"Hapa Gotu nani atanunua makaa? Kila mtu ako na yake," anasema mama huyu wa watoto watatu, ambaye jina lake tumelibadilisha.

Mchuuzi anayepita barabarani hulinunua gunia kwa shilingi mia nne. Mjini, bei ni zaidi ya maradufu. Tofauti hiyo ndiyo unga wa watoto, na kuipata kunahitaji kile ambacho wanawake wa barabara hii wanakiita lifti.

Usidhani ni ukarimu. Dereva wa lori anapakia gunia bila nauli, mwanamke anapanda mbele, na kabla ya kufika mjini lori linaegeshwa pembeni. Linalofuata hapo hakuna anayelizungumzia. Gunia limefika, watoto watakula, basi.

Mume wa Erot, Lokuruka, aliondoka na mbuzi waliosazwa na ukame mimba ikiwa changa. Hajarudi.

Katika mwezi wa nne wa mimba Erot alienda kliniki. Alipimwa damu, akakutwa hana virusi vya Ukimwi. Muuguzi akamuuliza kama ana mpenzi mwingine mbali na mumewe. Akajibu hana.

"Sikudanganya sista," anasema, sauti ikipanda. "Mpenzi ni mtu unapenda. Hiyo ingine ni nauli."

Aliambiwa arudi kupimwa tena mimba ikikua. Hakuona haja, kwani si alikuwa amepimwa? Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu madereva nao wanajua kwamba wajawazito hupimwa. Hata yule aliyekuwa akitumia kondomu aliiacha.

"Ananiambia, wewe ushapimwa, uko safi, na mimba uko nayo tayari. Kondomu ni ya nini? Nikaona ni kweli," anakumbuka. "Yeye kama amepimwa, sikuwahi uliza."

Inakera hata kuandika. Kipimo cha Erot kilimtuliza dereva. Erot mwenyewe hakikumkinga hata chembe.

Aliyegundua ni Lowoi, mama anayeishi na virusi na ambaye huwashauri wajawazito kliniki. Zamani aliuza kuni kwenye barabara hiyo hiyo. Mwezi uliopita Erot alipofika akilalamikia miguu kuvimba, Lowoi hakumuuliza habari za wapenzi. Alimuuliza kwa Kiturkana jinsi makaa yake yanavyofika mjini.

"Kwa lifti," Erot akajibu bila kufikiri.

Lowoi alimshika mkono, akampeleka kupimwa upya. Safari hii virusi vilikuwepo.

"Nililia mpaka nikatapika. Huyu mtoto amekosea nani?" anasema Erot.

Dawa alianza siku hiyo hiyo. Muuguzi hakumficha: mama anayeambukizwa akiwa mjamzito huwa na virusi vingi mwilini, na muda wa kuvipunguza kabla ya kujifungua umebaki mfupi. Ameze dawa bila kukosa, azalie hospitali, naye mtoto apewe yake punde akizaliwa. Akifikisha wiki sita, atapimwa.

Tangu siku hiyo Erot hapandi lori. Anamuuzia mchuuzi kwa bei yake, na kuna jioni watoto hulalia chai ya rangi. Majirani wanamcheka kwamba siku hizi amekuwa tajiri, anatupa pesa barabarani.

Amepanga kuhamia kwa Lowoi mjini kabla uchungu haujaanza. Lakini Lokuruka ametuma ujumbe kwamba anarudi nyumbani wakati wowote, naye hajui lolote. Vidonge vimefichwa kwenye mkebe wa majani ya chai.

"Nitamwambia mwenyewe, ndio na yeye apimwe. Akitaka kunifukuza, anifukuze," anasema Erot. "Lakini angoje kwanza nizae."