Mbuzi, Waya na Sauti ya Todonyang

Kakuma kunaanza kupambazuka na upepo bado umelala. Nakeno Losike amepiga magoti vumbini nyuma ya duka la samaki, anafunga kitu kidogo kama kiberiti chini ya tumbo la droni. Ni redio ya kurusha mawimbi. Waya mwembamba unaning'inia chini yake kama mkia.

Yuko tayari kurusha, lakini mama jirani anamzuia kwa fimbo. Mbuzi wake wangali zizini. Kwanza watoke, ndipo chombo kilie juu, wasije wakavunjana miguu kwa woga. Mwingine angebishana. Nakeno, binti wa mfugaji wa Nakalale, anaketi juu ya mtungi na kungoja.

Mjini Lodwar, Nakeno, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anajulikana kwa kutengeneza sola na redio. Hicho ndicho kinachompa ugali. Lakini moyo wake uko kwenye redio za ridhaa, ambapo watu wenye leseni huzungumza hewani kwa kujitolea. Droni aliinunua kuukuu kwa mpiga picha wa harusi, akauza mbuzi wawili ili aipate.

"Mama aliniuliza kama hii kitu itazaa," anasema, akicheka. "Nikamwambia ngoja tuone."

Asubuhi hii anatafuta jambo moja tu: kwa nini antena ya Kakuma haiisikii Todonyang.

Kule mpakani, kando ya ziwa, mtandao wa simu huja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kulala. Tangu bendera ipandishwe, watu wa kule wanaahidiwa mawasiliano. Minara inaota palipo na wanunuzi wengi wa vocha. Kura za Todonyang huhesabiwa. Kilio chake hakina wa kukihesabu. Ndiyo maana Benard, kaka yake Nakeno na mvuvi, ana redio nyumbani. Akiita, watu wa Kakuma husikiliza, kisha humpigia simu mwenye gari aliye karibu na kule, penye mtandao.

Mwaka juzi Benard aliita usiku kucha. Mkewe, Akiru, alikuwa na uchungu wa kuzaa. Magari yalikuwepo, madereva walikuwepo. Kakuma ilisikia mkwaruzo tu. Akiru alipona, mtoto hakupona.

Sasa Akiru ana mimba ya miezi minane.

"Sikuja kucheza na ndege," Nakeno anasema. "Nimekuja kwa ajili ya wifi yangu."

Muda pia unambana kwa upande mwingine. Mlingoti wa antena umesimama kwenye kiwanja cha Fowsiya, mfanyabiashara wa samaki wakavu, anayetaka kuweka tangi la maji pale. Amempa wiki hii tu.

"Nakeno, hii mti yako inakula kiwanja yangu bure," Fowsiya anamwambia, mkono kiunoni. "Mti ya kuongea isipoongea, hiyo ni kuni."

Mbuzi wametoka. Droni inapanda, inauzunguka mlingoti polepole huku ikirusha mawimbi, na Nakeno anatazama mita iliyounganishwa na antena. Antena, anaeleza, ni sikio. Lazima ujue limeziba upande gani. Kusini, kuelekea Lodwar, mshale uko juu. Magharibi, juu. Droni inapofika upande wa Todonyang, mshale unaanguka kama uliokatwa kamba.

Nakeno anayalaumu mabati ya duka, anataka yang'olewe. Fowsiya anamuuliza kwa upole kama anataka pia milango. Malual, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyeusimika mlingoti huo pamoja naye, anainamisha kichwa kuficha kicheko.

Nakeno anaisimamisha droni palepale angani, upande ule ulioziba, na kuikodolea macho mita.

Ndipo mbuzi mmoja mkaidi anarudi. Anasogea kwenye waya ulioshikilia mlingoti, anajikuna shingo. Mshale unapanda. Anaacha kujikuna, anaondoka. Mshale unaanguka.

"Mrudishe," Nakeno anasema kwa sauti ya chini.

Malual anamrudisha kwa ganda la ndizi. Mbuzi anajikuna, mshale unapanda tena. Hapo kila mmoja anaelewa: waya ukisogea, sikio linazibuka. Mwanzoni mlingoti ulishikiliwa na kamba. Mbuzi wakazila. Malual akafunga seng'enge badala yake, na Nakeno mwenyewe akamsifu.

"Nilisema, waya atakula na meno gani?" Malual anajitetea.

"Mbuzi hakula," Nakeno anamjibu. "Waya ndiyo ilikula. Imekula sauti ya Benard."

Kabla jua halijawa kali, seng'enge imeshuka na kamba mpya zimepanda. Na mbuzi je? Nakeno anatumia dawa ya nyumbani kwao: anakata matawi ya miiba na kuzungushia kila kamba uzio, kama zizi, ila safari hii mbuzi wako nje. Droni inaruka tena. Mshale unakaa juu pande zote.

Anaingia dukani, anawasha redio, anaita. Kimya. Anaita tena. Fowsiya ameacha kupima samaki.

"Ejok, Nakeno." Ni Benard, anamsalimu kwa lugha ya kwao, wazi kana kwamba yuko mlangoni.

Nakeno anafunika uso kwa kiganja. Fowsiya anasema tangi linaweza kukaa upande wa pili.

Mpango wa Nakeno ni kuipima antena ya Nakalale, kisha ya Katilu, na kufundisha wasichana wawili wa Lodwar kurusha droni. Lakini si mwezi huu. Mwezi huu atalala hapa Kakuma, kwenye mkeka kando ya redio, na Malual atampokea zamu.

Kule Todonyang, Akiru ameomba kipaza sauti.

"Wifi, basi mimi nitakusumbua usiku."

"Nisumbue," Nakeno anamwambia. "Ndiyo maana niko hapa."